Msamaha wa barabarani hauuzwi

BUJUMBURA. Lori lenye usukani wa kulia linapoingia Zone Industrielle, dereva wake huwa ameshabadili upande wa barabara tangu mpakani. Alipoiacha Kabanga, wilayani Ngara, na kuingia Kobero, mkono wa kushoto aliouzoea Tanzania uligeuka kuwa kosa. Ameteremka milima ya Bugarama breki zikinuka, huku akipishana na waendesha baiskeli walioning'inia nyuma ya malori yanayopanda. Sasa yuko mjini, kati ya maghala, gereji na viwanda, na ghala la mteja wake liko karibu. Kwenye makutano uchovu unamrudisha kwenye mazoea: anakata kona na kushika kushoto. Filimbi inalia.

Kuanzia hapo mambo yako mikononi mwa askari mmoja. Anaweza kumwandikia faini, kuzuia karatasi zake, au kumwonya na kumwelekeza upande ulio sahihi. Kwa mwenye mzigo, tofauti kati ya njia hizo ni siku nzima ya kazi. Kama mzigo ni nyanya au samaki, tofauti hiyo inaweza kuwa mtaji wote.

Kosa la mgeni, kosa la mzembe

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Burundi, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, hubadili upande akiwa tayari amechoka. Kuteleza kwake kwenye makutano hakulingani na ujeuri wa anayejua sheria na kuivunja.

Ndiyo maana askari wa barabarani huachiwa nafasi ya kupima. Je, kuna mtu aliyeumia au aliyeponea chupuchupu? Dereva amekiri kosa, au anabisha? Karatasi zake ni halali? Onyo litamfanya awe makini zaidi? Majibu yakielekea upande wa heri, kumwachia si udhaifu. Ni kutumia sheria kwa lengo lake, ambalo ni usalama wa watu.

Lakini huruma ina mipaka. Breki mbovu, mzigo uliozidi au dereva aliyelewa si mambo ya kusamehewa kwa maneno matamu. Barabara za eneo la viwanda hujaa wabeba mizigo, baiskeli na vibarua wanaotembea kwa miguu. Kumhurumia dereva wa namna hiyo ni kuwakosea huruma hao wote.

Pale huruma inapopewa bei

Tatizo ni kwamba mlango unaopitisha huruma ndio huo huo unaopitisha rushwa. Askari anayeweza kusamehe anaweza pia kuuza msamaha, na dereva mwenye haraka anaweza kuwa wa kwanza kuuliza bei. Sheria ya Burundi ya kupambana na rushwa, ya Aprili 2006, inamgusa anayepokea na anayetoa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za maadili ya watekelezaji wa sheria, zilizopitishwa Desemba 1979, nazo zinamtaka askari aheshimu utu wa kila mtu na aikatae rushwa.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Huruma ya kweli haina bei, haihitaji kificho na haichagui namba ya gari. Mwenye namba za hapa akionywa kwa kosa ambalo mwenye namba za Tanzania hutozwa kila mara, hicho ni kikwazo cha biashara kilichovaa sare. Na pesa iliyotolewa kando ya barabara haiishii hapo. Huingia kwenye bei ya saruji na unga, akailipa mama anayenunua rejareja.

Kwa Burundi, jambo hili lina uzito wa pekee. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000, Polisi ya Taifa iliundwa kwa sheria ya Desemba 31, 2004, ikiwakusanya pamoja askari wa zamani wa jandarmeri na waliokuwa wapiganaji. Wananchi waliozoea kuiogopa sare walitakiwa kujifunza kuiamini. Imani ya aina hiyo haijengwi kwa hotuba. Hujengwa kidogo kidogo, filimbi inapolia.

Wajibu wa mwenye mzigo

Mfanyabiashara naye ana sehemu yake. Asimpe dereva ratiba inayomkosesha usingizi. Ahakikishe leseni, kadi ya gari na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa Burundi na Tanzania pia, vimo ndani ya gari na havijaisha muda.

Dereva akisimamishwa, aanze kwa salamu: mwaramutse asubuhi, mwiriwe jioni. Kiswahili husikika sana Bujumbura, hasa mtaa wa Buyenzi, lakini karatasi za serikali mara nyingi ni za Kifaransa. Asiposoma lugha hiyo, aombe aelezwe kosa lake kabla ya kutia sahihi. Akitozwa faini, aombe iandikwe, ailipe panapoelekezwa kwenye karatasi na atunze risiti.

Akiona ameonewa, aandike mahali, saa na kilichotokea. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na nchi wanachama zina kamati za kufuatilia vikwazo hivyo. Malalamiko hupokelewa pia kwenye mfumo wa mtandaoni unaotumiwa kwa pamoja na COMESA, EAC na SADC. Lalamiko lenye tarehe na mahali hufuatiliwa kwa urahisi kuliko manung'uniko ya kijiweni.

Na akisamehewa bure, ashukuru, ashike kulia na asirudie. Dereva wa kigeni atakayekosea kesho kwenye makutano hayo hayo ataikuta huruma ya askari bado ipo, au ataikuta imekwisha, kutegemea alivyofanya yeye leo.