Kupanda ndege kwenda kunywa chai

WOOLWICH, London – Kwa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki, kupanda ndege ni shughuli. Ni viza, ni mizigo kupimwa, ni jamaa waliojaa kwenye daladala ya kukodi kukusindikiza, na machozi juu yake. Hapa Uingereza kuna watu ambao Jumamosi asubuhi hupanda ndege kwenda kunywa chai na kula mayai, na mchana wakawa wamesharudi majumbani.

Rafiki yetu mmoja, dereva wa basi hapa Woolwich, ni miongoni mwao. Leseni ya rubani binafsi inataka angalau saa 45 za mafunzo angani, na gharama yake hupita pauni 10,000. Yeye alilipa kidogo kidogo kwa miaka sita, kwa zamu za usiku. Wenzake walisema ana wazimu, kwani fedha hizo zingejenga nyumba kwao. Kwa hesabu hawakukosea.

Woolwich ina ndege juu ya paa kutwa nzima. Uwanja wa London City, uliofunguliwa mwaka 1987, uko ng'ambo tu ya mto Thames. Lakini vindege vya injini moja havipokelewi pale, kwa hiyo rafiki yetu huendesha gari hadi Rochester, mkoani Kent, na kukodi Cessna ya viti vinne. Sheria inamruhusu kugawana gharama na abiria wake, mradi naye atoe fungu lake. Faida ni marufuku.

Alipotualika, alitaka twende Le Touquet, mji wa pwani ya Ufaransa ambako marubani wa Kiingereza huvuka kwenda kula. Tukamwonyesha hati yetu ya kusafiria. Si pasipoti, ni ile wapewayo wakimbizi kwa Mkataba wa mwaka 1951, na kila nchi ina masharti yake kwa anayeibeba. Tena hata kindege cha watu wawili hakivuki kimyakimya. Tangu Aprili 2024 ni lazima kisheria majina ya waliomo yafikishwe kwa wakuu wa mpaka wa Uingereza angalau saa mbili kabla ya kuondoka. Rafiki yetu, ambaye siku hizi ana pasipoti ya hapa, aliigeuza ile hati mkononi mara mbili.

"Basi, ndugu yangu, twende kisiwani," akasema.

Kisiwa chenyewe ni Wight, kusini mwa Uingereza, ambacho hakifikii hata nusu ya Pemba. Mara mbili mawingu yalituzuia. Mara ya tatu tuliulizwa uzito wetu bila haya, tukavishwa jaketi la kuokolea, tukaruka. Ndani kuna kelele kama lori la mkaa, na upepo ukipiga unausikia hadi mbavuni. Tulifuata pwani kuelekea magharibi: kulia majabali meupe na Brighton, kushoto bahari, na ng'ambo ya bahari hiyo Ufaransa.

Baada ya kama saa moja tulitua Sandown. Mkahawa wa uwanjani ulijaa wazee wakizungumzia upepo. Soseji ni za nguruwe, tukaziacha; tukala mayai, maharage, uyoga na mkate wa kuchoma, na chai ya maziwa ambayo mama yeyote wa Unguja angeirudisha jikoni. Mzee mmoja alituuliza tumetoka wapi. Tulikwishaanza kutafuta maneno, kama kawaida yetu, rafiki yetu akatuwahi: "Rochester." Mzee akatikisa kichwa, akauliza hali ya mawingu huko. Alikuwa amemaliza.

Wakati wa kurudi, rafiki yetu alituonyesha mto Medway chini yetu. Kwenye ukingo wake, pale Rochester, kampuni ya Short Brothers iliunda ndege zinazotua majini, ambazo kuanzia mwaka 1937 shirika la Imperial Airways lilizituma hadi Durban kwa njia ya Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Abiria wake walikuwa maofisa na matajiri, pamoja na magunia ya barua.

"Lindi!" akarudia rafiki yetu, mtu wa Mtwara, huku akitafuta uwanja kwa macho.

Tulipotua tulimlipa nusu yetu: ndege, ada za kutua na nusu ya chai.