Fomula ya lahajedwali isiyotoa jibu

Fomula ya lahajedwali isiyotoa jibu ni hali inayotokea katika programu za kukokotoa kama vile Microsoft Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets, ambapo seli iliyopaswa kuonyesha jibu la hesabu hubaki tupu, huonyesha sifuri, au huonyesha fomula yenyewe kama ilivyoandikwa. Kwa kawaida kompyuta haijaharibika. Chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu: programu haikutambua kwamba kilichoandikwa ni fomula, jibu limepatikana lakini limefichwa, au namba zinazotakiwa kukokotolewa zimehifadhiwa kama maandishi.

Chanzo cha tatu ndicho chenye hatari zaidi. Seli tupu humshtua mtumiaji akatafuta kosa, lakini jumla iliyopungua huonekana kama jibu la kawaida na huweza kulipwa au kusainiwa bila mtu kugundua.

Maneno ya msingi

Lahajedwali ni jedwali la kompyuta lenye safu zinazosimama, ambazo huitwa kwa herufi (A, B, C), na mistari inayolala, ambayo huitwa kwa namba (1, 2, 3). Mahali safu na mstari vinapokutana huitwa seli. Seli iliyo katika safu C na mstari wa 2 huitwa C2.

Seli moja huweza kubeba namba, maandishi au fomula. Fomula huanza kwa alama ya sawasawa. Kwa mfano, =C2*D2 huzidisha kilichomo katika C2 na kilichomo katika D2, na =SUM(C2:C4) hujumlisha namba zote kuanzia C2 hadi C4. Seli huonyesha jibu, na fomula yenyewe husomeka katika upau wa fomula ulio juu ya jedwali seli hiyo inapochaguliwa.

Matumizi katika Mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe, ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania, ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Makao makuu yake yako Vwawa, wilayani Mbozi. Mji wake wa mpakani, Tunduma, unatazamana na Nakonde upande wa Zambia. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapo, na malori mengi huendelea hadi Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Katika mazingira hayo lahajedwali hutumika kwa kazi nyingi: vyama vya msingi vya ushirika huorodhesha kilo za kahawa za wanachama katika Mbozi na Ileje, mawakala wa forodha huandaa orodha za mizigo, wafanyabiashara hulinganisha shilingi na kwacha, na walimu hujumlisha alama za wanafunzi. Katika kila kazi, jibu lisiloonekana au lililopungua humgusa mtu mwingine ambaye hakuwepo mbele ya kompyuta.

Fomula isiyotambuliwa

Dalili ya kundi hili ni kwamba seli huonyesha maneno =C2*D2 badala ya jibu. Sababu za kawaida ni hizi:

Kwanza, seli ilikuwa imepangwa kuwa ya maandishi kabla fomula haijaandikwa. Katika Excel mpango huo huitwa Text. Dawa yake ni kubadili mpango kuwa General, kisha kuingia ndani ya seli kwa kitufe cha F2 na kubonyeza Enter. Kubadili mpango pekee hakutoshi, kwa sababu programu haisomi upya kilichomo hadi kiingizwe tena.

Pili, kuna nafasi au ritifaa kabla ya alama ya sawasawa. Ritifaa mwanzoni mwa seli huiambia Excel kwamba yote yanayofuata ni maandishi, nayo huonekana katika upau wa fomula tu.

Tatu, alama ya sawasawa imesahaulika. Hapo seli huonyesha C2*D2 kama neno la kawaida.

Nne, jedwali zima limewekwa katika hali ya kuonyesha fomula. Dalili yake ni kwamba fomula zote huonekana kwa wakati mmoja na safu hupanuka. Katika Excel hali hiyo huondolewa kwa kubonyeza tena Show Formulas katika menyu ya Formulas.

Jibu lililofichwa

Wakati mwingine hesabu imefanyika lakini jibu halionekani. Rangi ya herufi inaweza kuwa nyeupe juu ya seli nyeupe. Mpango wa namba unaweza kuwa ;;; ambao huficha kila kitu. Programu inaweza pia kuwa imeamriwa kutoonyesha sifuri. Safu ikiwa nyembamba mno kwa namba iliyomo, seli hujaa alama za ####. Kupanua safu hutosha.

Fomula nyingine zimetungwa kwa makusudi ili zibaki tupu. Mfano ni =IF(C2="","",C2*D2), ambayo maana yake ni kwamba ikiwa kilo hazijaandikwa katika C2, seli isionyeshe kitu. Hapo utupu ni jibu sahihi.

Katika Excel, ukokotoaji unaweza pia kuwa umewekwa kuwa wa mkono, yaani programu haikokotoi upya hadi iamriwe kwa kitufe cha F9. Dalili yake ni jibu la zamani lisilobadilika hata namba zikibadilishwa, au fomula iliyonakiliwa kwenda chini kurudia jibu lile lile katika kila mstari. Hali hii huweza kuletwa na faili la mtu mwingine, kwa kuwa Excel hufuata mpango wa faili la kwanza kufunguliwa na kuutumia kwa mafaili yanayofunguliwa baadaye. Hurekebishwa kwa kuchagua Automatic chini ya Calculation Options.

Namba zilizo maandishi

Programu ya lahajedwali hukokotoa namba tupu. Kitu chochote cha ziada ndani ya seli huweza kuigeuza namba kuwa maandishi. Katika Afrika Mashariki mazoea ya kuandika kwa kalamu huchangia sana tatizo hili.

Mfano mkubwa ni alama ya /= inayoandikwa baada ya bei, kama 5,000/=. Alama hiyo ilitokana na uandishi wa fedha wa Waingereza, ambapo mkwaju ulitenganisha shilingi na peni, na kistari kilichofuata kilionyesha kwamba hakuna peni. Desturi ilibaki katika shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921 na kugawanywa kwa senti 100, na baadaye katika shilingi ya Tanzania iliyoanza mwaka 1966. Kwenye risiti ya karatasi alama hiyo inafaa, kwa sababu inazuia mtu asiongeze tarakimu mbele. Ndani ya seli, hata hivyo, 5,000/= ni maandishi. Vivyo hivyo "48 kg", "K 1500" na "magunia 20".

Mpango wa kawaida wa programu husaidia kutambua tofauti: namba hukaa upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa kushoto. Dalili hiyo hupotea iwapo mtumiaji ameweka kila kitu katikati ili jedwali lipendeze.

Mfano wa kilo za kahawa

Tuseme mkulima amepeleka kahawa mara tatu: kilo 62, kilo 48 na kilo 75. Jumla ni kilo 185. Kwa bei ya mfano ya shilingi 5,000 kwa kilo, anastahili shilingi 925,000.

Karani ameandika 62 katika C2, "48 kg" katika C3, na 75 katika C4. Akitumia fomula =C3*D3 kutafuta thamani ya mzigo wa pili, seli itaonyesha kosa la #VALUE!, naye atajua kuna tatizo. Lakini akitumia =SUM(C2:C4), programu itaruka maandishi bila kutoa onyo na kuonyesha 137. Malipo yatakuwa shilingi 685,000, na mkulima atapungukiwa shilingi 240,000. Kama mizigo yote mitatu ingeandikwa pamoja na "kg", jumla ingekuwa 0, na kosa lingeonekana mara moja.

Kwa hiyo kosa la nusu ni baya kuliko kosa kamili. Njia rahisi ya kulinasa ni kuhesabu seli mara mbili. Amri =COUNT(C2:C4) huhesabu seli zenye namba tu, na =COUNTA(C2:C4) huhesabu seli zote zisizo tupu. Katika mfano huu ya kwanza hutoa 2 na ya pili 3. Majibu hayo yakitofautiana katika safu ya namba, kuna seli ambayo haikuingizwa katika jumla.

Kurekebisha, mtumiaji huchagua safu husika, hufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl+H, kisha hubadilisha " kg" au "/=" kwa kuacha nafasi ya pili wazi. Mtu anayetaka alama hizo zibaki machoni anaweza kutumia mpango maalumu wa namba: #,##0"/=" huonyesha 5,000/= na 0" kg" huonyesha 48 kg, huku ndani ya seli zikibaki namba tupu zinazokokotoleka.

Namba na tarehe kutoka nje ya mpaka

Nchini Tanzania na Zambia mkato hutenganisha maelfu na nukta huonyesha desimali. Katika nchi zinazofuata uandishi wa Kifaransa, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkato ndio huonyesha desimali. Hivyo tani "12,500" katika orodha iliyoandaliwa Lubumbashi zinaweza kumaanisha tani kumi na mbili na nusu, lakini zikinakiliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza husomwa kuwa elfu kumi na mbili na mia tano. Pia kompyuta zenye mpango wa Kifaransa hutumia nuktamkato kutenganisha sehemu za fomula, kwa mfano =SUM(A1;B1), na fomula hiyo ikiandikwa katika Excel yenye mpango wa Kiingereza hukataliwa.

Tarehe nazo huleta shida. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi. Tarehe 25/03/2024 hubaki maandishi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na fomula ya kuhesabu siku ambazo lori limesubiri hutoa #VALUE!. Tarehe 05/03/2024 ni mbaya zaidi, kwa maana hukubaliwa kuwa tarehe 3 Mei badala ya 5 Machi.

Alama za makosa

Alama inayoanza na # ni jibu linaloeleza kosa. #DIV/0! huonyesha kugawanya kwa sifuri au kwa seli tupu. #NAME? huonyesha jina la amri lililokosewa, kama SUMM. #REF! huonyesha kwamba seli iliyotajwa imefutwa. #N/A huonyesha kwamba kilichotafutwa hakikupatikana.

Fomula ikijitaja yenyewe, kwa mfano =SUM(C2:C10) ikiandikwa ndani ya C10, hutokea rejeo la mzunguko. Excel hutoa onyo kisha huonyesha 0. LibreOffice Calc huonyesha Err:522.

Hatua za kutafuta kosa

1. Kuchagua seli na kusoma upau wa fomula. Ikiwa hauna fomula, imefutwa au haikuandikwa.
2. Kuangalia kama fomula inaanza na alama ya sawasawa bila kitu mbele yake.
3. Kuangalia mpango wa seli, rangi ya herufi na upana wa safu.
4. Kubonyeza F9. Jibu likibadilika, ukokotoaji ulikuwa wa mkono.
5. Kulinganisha COUNT na COUNTA katika safu zinazotajwa na fomula.
6. Kujumlisha mistari michache kwa kikokotoo au kwa kalamu na kulinganisha.

Katika LibreOffice Calc, Ctrl+F8 hupaka namba rangi ya buluu, fomula kijani na maandishi nyeusi, hivyo namba iliyo maandishi huonekana kwa haraka.

Historia

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979 na Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Ukokotoaji wa mkono ulikuwa na manufaa wakati ambapo kompyuta zilikuwa na kasi ndogo na jedwali kubwa lilichukua muda mrefu kukokotolewa.

Makosa ya fomula hutokea hata kwa wataalamu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, uliotajwa sana na wanasiasa wa nchi mbalimbali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na wahadhiri wake wawili, walionyesha kwamba, pamoja na kasoro nyingine, fomula moja ya wastani katika lahajedwali yao iliishia mistari mitano kabla ya mwisho na kuziacha Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Seli ile haikuwa tupu wala haikuonyesha kosa. Ilionyesha namba, nayo ikaaminiwa kwa miaka mitatu.