Dozi ya Sipro kwa Taifodi Isiyokuwepo

Karibu kila mtu mzima anayeishi Nairobi, Kisumu, Mwanza au Kampala ana jamaa aliyewahi kwenda zahanati na homa akarudi na karatasi yenye majibu mawili: malaria na taifodi. Tumeyazoea mpaka tunayatamka kwa pumzi moja. Mimi kazi yangu ni kuotesha bakteria maabara, na jibu hilo la pili linanitia wasiwasi kuliko la kwanza, kwa sababu mara nyingi limetoka kwenye kipimo kisichoweza kulithibitisha.

Sisemi taifodi, yaani homa ya matumbo, ni uzushi. Uchunguzi uliofanywa Kibera, mtaa wa Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali kule Lwak, vijijini magharibi mwa Kenya, walikuwa 29. Walioumia zaidi Kibera walikuwa watoto. Maradhi hayo yapo, yanatoboa matumbo na yanaua. Hata hivyo, wagonjwa wa kweli ni wachache mno ukilinganisha na watu wanaopewa jina hilo kila siku.

Kipimo chenyewe ni Widal, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Tone la maji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na bakteria waliokwisha kuuawa, na mchanganyiko ukishikana vijibonge, mgonjwa huambiwa ana taifodi. Vijibonge hivyo ni kazi ya kingamwili, na kingamwili hukaa mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupona. Kuna jamaa wengine wa Salmonella, kundi la bakteria wa taifodi, wanaoamsha kingamwili zinazofanana na hizo, na hata malaria inaweza kuchafua majibu. Mtu aliyekulia mahali ambapo maji hayaaminiki anaweza kuwa mzima kabisa na Widal yake ikasema chanya. Siku hizi zahanati nyingi hutumia pia kipimo cha haraka cha choo. Hiki nacho, hata pale kinapopatia, hakimwambii daktari ni dawa gani itamuua bakteria aliyemo ndani ya mgonjwa huyu.

Watu huniuliza: kuna ubaya gani mtu akimeza sipro, yaani siprofloksasini, dawa anayopewa kwa taifodi, kwa wiki moja halafu ikabainika kwamba haikuwa taifodi?

Ubaya uko utumboni. Humo mwetu mnaishi bakteria matrilioni, wengi wao wasio na madhara na wengine wenye faida. Dawa ikishuka haichagui. Siprofloksasini hufanya kazi kwa kukibana kimeng'enya ambacho bakteria hukihitaji ili kukunjua na kukunja DNA yake anapojigawa. Kati ya maelfu ya mamilioni ya Escherichia koli waliomo ndani ya mtu mmoja, hawakosekani wachache ambao herufi moja tu ya jeni iitwayo gyrA imebadilika, na kimeng'enya chao hakishikiki vizuri. Dawa inawaua wenzao, hao wanabaki na nafasi na chakula, wanazaana. Mgonjwa ambaye hakuwa na taifodi anamaliza dozi, homa yake iliyosababishwa na kirusi inaisha yenyewe, anaishukuru dawa, na utumbo wake sasa umejaa bakteria sugu. Miezi michache baadaye akipata maambukizi ya njia ya mkojo, ni hao hao E. koli watakaomsumbua.

Kuna jambo zito zaidi. Bakteria wa utumboni hupeana jeni. Wana vipande vya DNA vya mviringo, plasmidi, ambavyo bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Plasmidi moja yaweza kubeba jeni tano au sita za usugu kwa pamoja, kwa hiyo ukitumia dawa moja unawalea bakteria wasiosikia dawa nyingine ambazo hukuzigusa. Historia ya Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, ni ushahidi wa hayo.

Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi mwaka 1948, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri kufa wakainuka vitandani. Mwaka 1972 Mexico ikapata mlipuko mkubwa wa Typhi asiyesikia dawa hiyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamejitokeza Typhi wasiosikia dawa tatu kwa mpigo: kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi wetu tunaiita Septrin. Madaktari wakahamia sipro. Asia ikaanza kuipoteza sipro katika miaka ya 1990. Wakahamia sindano ya seftriaksoni.

Mwishoni mwa mwaka 2016, huko Hyderabad katika jimbo la Sindh nchini Pakistan, maabara zikaanza kupata Typhi aliyekuwa sugu kwa zile tatu za mwanzo, kwa sipro na kwa seftriaksoni pia. Wanasayansi waliposoma jenomu yake walikuta plasmidi inayofanana na ile iliyokwisha kuonekana kwa E. koli. Soma tena sentensi hiyo, tafadhali. Yaelekea silaha iliyoishinda seftriaksoni ilitoka kwa bakteria wa kawaida wa utumboni, wale wale tunaowazoeza dawa kila tunapotibu taifodi isiyokuwepo. Waliougua aina hiyo ya Sindh walibakiwa na azithromaisini, ambayo ni vidonge, na karbapenemu, ambazo ni sindano za bei kubwa. Na Typhi asiyesikia azithromaisini ameshaonekana Bangladesh.

Afrika Mashariki imo ndani ya habari hii tangu zamani. Profesa Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ametumia miaka mingi akifuatilia Salmonella wa Nairobi. Mwaka 2010 yeye na wenzake walionyesha kwamba taifodi sugu ya Kenya ilitawaliwa na ukoo mmoja, H58, ambao pia umeenea Asia Kusini-Mashariki. Kazi yao ya baadaye huko Kibera, iliyotoka mwaka 2021, iliwatazama wagonjwa pamoja na watu waliombeba bakteria bila dalili yoyote, na ikaonyesha kwamba H58 uliingia Kenya zaidi ya mara moja. Mbebaji ni mtu anayeonekana mwenye afya njema. Bakteria hujificha kwenye mfuko wake wa nyongo, hasa penye mawe ya nyongo, na hutoka na choo kwa miezi au miaka. Widal haimpati mtu huyu kwa uhakika.

Sasa niseme jinsi jibu la kuaminika linavyopatikana. Damu ya mtu mzima, kama mililita 10, huingizwa kwenye chupa ya mchuzi wa kuoteshea kabla hajameza dawa yoyote. Kiasi hicho kina sababu: katika mililita moja ya damu ya mgonjwa wa taifodi mara nyingi hupatikana bakteria mmoja tu, au asipatikane kabisa. Chupa hukaa kwenye joto la mwili. Ikiota, tunapaka kidogo kwenye sahani ya ageri, na kesho yake tunahamishia koloni moja kwenye kichupa cha ageri yenye sukari tatu. Typhi hugeuza sehemu ya chini kuwa njano bila kutoa gesi, mteremko wa juu unabaki mwekundu, na mpakani unajitokeza mstari mwembamba mweusi, kama sharubu. Baada ya hapo tunawatandaza bakteria kwenye sahani nyingine na kuweka juu yake vidonge vya karatasi vilivyolowa dawa mbalimbali. Dawa inayofaa huacha duara safi kuizunguka, tunalipima kwa rula, milimita kwa milimita. Dawa iliyoshindwa, bakteria humea mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Kuliona hilo kwenye karatasi ya sipro, kwa mtoto ambaye ameshaimeza kwa siku nne, ni jambo baya.

Kipimo hiki kina upungufu. Huchukua siku mbili, tatu au zaidi, hugharimu kuliko Widal, na huwakamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10. Ikiwa mgonjwa ameshapitia duka la dawa, hata hao sita wanapungua. Maabara zinazoweza kukifanya ni chache nje ya hospitali kubwa, na siwezi kumlaumu mganga wa zahanati asiye na chupa hizo. Lawama yangu ni kwa mipango yetu: tunalipia vidonge mwaka hadi mwaka na kuziacha maabara za wilaya na kaunti bila chupa, bila ageri na bila mtu wa zamu.

Kinga ndiyo inayonipa matumaini. Chanjo mpya ya taifodi huufundisha mwili kulitambua ganda la Vi linalomfunika bakteria, na ganda hilo ni lilelile kwa Typhi sugu na kwa asiye sugu. Jaribio la Blantyre, Malawi, kwa watoto zaidi ya 28,000, lilionyesha kinga ya takriban asilimia 80. Pakistan iliiingiza katika chanjo za kawaida mwaka 2019, ikianzia Sindh, na Kenya ikafanya kampeni yake mwaka 2025 kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Chanjo haisafishi maji, na mabomba yanayopita ndani ya mitaro ya majitaka yanahitaji mafundi na fedha za kaunti. Watu wazima hawakuwamo katika kampeni hiyo. Kwa hiyo mtu mzima mwenye homa ya siku tatu au nne isiyo ya malaria, akiambiwa Widal yake ni chanya, na aulize kama damu yake inaweza kuoteshwa, na aulize kabla ya kidonge cha kwanza.