Sura ya 6: Imekunywa au Imepakwa?

Jukwaa langu la kwanza lilidumu miezi 14. Nililijenga nyuma ya nyumba, Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na nilitaka liwe chini kabisa: mtu atoke jikoni na birika la chai mkononi, akanyage mbao bila kushuka ngazi. Boriti nilizilaza juu ya ardhi, nikatandika mbao, nikapaka vanishi mara mbili, nikaita majirani. Mwaka uliofuata, jioni moja mvua imetoka kukatika, shemeji yangu aliinuka kitini na mguu wake ukazama hadi juu ya kifundo. Hakuumia. Tulipobandua ile mbao tukaona juu ni nzima, vanishi ingali inang'aa. Boriti iliyokuwa chini yake ilibaki ganda jembamba kama kadibodi, na ndani ya ganda kulijaa udongo uliosindiliwa vizuri kuliko ninavyoweza kusindilia mimi.

Fundi niliyemwita hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliokota kipande, akakinusa, akakivunja kwa vidole viwili. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ilikunywa dawa, au ilipakwa tu?" Sikuwa na jibu. Aliyeniuzia alinionyesha rangi ya kijani, nami nikanunua rangi.

Mpaka siku ile niliamini adui wa mbao ni mvua. Kumbe mvua hulowesha ikapita. Mbao huuawa na unyevu uliokosa pa kutokea, na hapo ndipo jukwaa la chini linapokuwa kazi ngumu kuliko la ghorofani: limeinamia udongo, upepo haulifikii tumboni, na hakuna anayechungulia huko mpaka siku mguu unapozama.

Kuvu wanaoozesha mbao wana mahitaji manne: chakula, ambacho ni mbao yenyewe, hewa, joto na maji. Vitatu vya mwanzo huna uwezo navyo. Maji unao. Mbao ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Ukikaribia 30, kiwango ambacho nyuzi za mbao zimeshiba, kuvu wamepata makao.

Vitabu vingi vya kazi hii huandikwa na watu wa Uingereza, Ireland au pwani ya magharibi ya Kanada, kwenye mvua na baridi. Ushauri wao unafaa Limuru na miteremko ya juu ya Mlima Elgon. Ukiushusha hadi huku kwetu Busia, kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna kitu kinapungua, nacho ni ile baridi iliyokuwa ikiwasaidia wenyewe bila wao kuitaja. Mwaka 1971 Theodore Scheffer, mtaalamu wa mbao wa Marekani, alitoa kanuni ya kupima jinsi hali ya hewa inavyoozesha mbao zilizo juu ya ardhi. Chukua wastani wa joto la mwezi, utoe 2. Chukua idadi ya siku za mvua za mwezi huo, utoe 3. Zidisha hizo mbili. Fanya hivyo kwa miezi yote 12, jumlisha, kisha ugawanye kwa 16.7. Jibu likipita 65, mahali hapo ni pa hatari. Sasa tazama mwezi mmoja tu. Siku 20 za mvua katika nyuzi 10 huchangia 8 hivi. Siku zile zile 20 katika nyuzi 22, joto ambalo mtu wa Busia halitaji hata kwenye mazungumzo, huchangia 20. Mvua haikuongezeka hata tone, na kuoza kumezidi mara mbili na nusu.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye paa, kabla ya kununua hata ubao mmoja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande mmoja wa paa la mabati wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 4, ukipigwa na mvua ya milimita 30 alasiri moja, humwaga lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20, kwenye mstari mmoja kando ya ukuta. Hapo hasa ndipo watu wanapopenda kuweka jukwaa. Maji hayo hupiga mbao kutoka juu, yakagonga udongo, yakaruka kupiga boriti kutoka chini. Kama fedha zako zinatosha ama gata ama jukwaa, nunua gata mwaka huu na ujenge jukwaa mwaka ujao.

Baada ya paa, ardhi. Sehemu nyingi za Busia udongo wa juu ni mwembamba, na chini yake kuna tabaka la maramu lililoshikana kama saruji. Maji hushuka kidogo, yakagonga maramu, yakakaa. Chimba shimo la futi mbili, ulijaze maji jioni, ulitazame asubuhi. Ukikuta maji bado yamo, umeshajua jukwaa lako lingekaa juu ya nini. Dawa yake ni mteremko: ardhi iliyo chini ya jukwaa ishuke kama sentimita 2 kwa kila mita, ikiuacha ukuta wa nyumba. Ng'oa visiki na mizizi yote. Mabaki ya mbao usiyafukie humo, maana kufukia mbao ni kuwaalika mchwa karamu. Tandaza karatasi nzito ya polithini ukifuata ule mteremko, halafu kokoto juu yake. Polithini huuzuia mvuke wa udongo usipande kwenye boriti, na majani hayapati pa kuotea.

Na jukwaa lenyewe liinuke kiasi gani? Kanuni za ujenzi za nyumba za Marekani hutaka boriti zilizo chini ya inchi 18 kutoka kwenye udongo ziwe za mbao iliyotiwa dawa, au ya aina inayohimili kuoza kwa asili yake. Inchi 18 ni kama sentimita 45. Huku kwetu jambo hili lilijulikana kwa jina jingine: ghala. Ghala la wimbi au mtama, lililosukwa kama kikapu, halikuketishwa chini. Liliwekewa miguu au mawe, upepo ukapita chini yake, na mwenye nyumba akiinama kidogo aliona kila kitu kinachopanda. Mimi niliyesoma vitabu nikalaza boriti juu ya udongo.

Nilipojenga upya nilikubali ngazi moja. Boriti zangu ziko sentimita 30 juu ya kokoto, zimekalia nguzo fupi za zege. Kwa kimo hicho mbao ya kawaida haiwezi kuaminika, na hapo tunarudi kwenye swali la fundi.

Mbao nyingi zinazouzwa mpakani zimetoka ng'ambo. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, iliyotangazwa Kenya Februari 2018, iliwafanya wanunuzi wategemee zaidi mbao za nje, za Uganda na Kongo zikiwemo, na malori yake hupita hapa hapa Busia na Malaba. Yadi moja itakuwa na mvule, paini, saipresi na mkaratusi, ambao wengi huuita blugamu. Mvule ndio mfalme: kiini chake cha kahawia hukataa mchwa na kuvu bila kutiwa chochote. Lakini ni ule wa kahawia tu. Ukanda mweupe wa nje huliwa kama muhogo, na mvule wa bei nafuu mara nyingi una weupe mwingi. Mimi binafsi naona uchungu kuukanyagisha mti wa miaka mingi viatu vyenye matope. Auweke mlangoni aliye nao.

Paini ndiyo inayoshangaza watu. Ni laini na huoza upesi, kwa hiyo mnunuzi huipita akielekea kwenye mkaratusi mgumu. Kumbe ulaini huo ndio faida yake, maana paini hunywa dawa. Kiini cha mkaratusi hukataa dawa kabisa. Ukanda wake wa nje tu ndio unaokubali. Saipresi nayo ni ngumu kunyweshwa. Kunywesha kwenyewe hufanywa ndani ya pipa kubwa la chuma: hewa hufyonzwa kutoka kwenye mbao, kisha dawa husukumwa ndani kwa shinikizo. Dawa ya kijani iliyozoeleka kwenye nguzo za umeme ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, uliobuniwa na Mhindi Sonti Kamesan katika miaka ya 1930 huko Dehradun. Aseniki ni sumu. Vipande vinavyobaki usivichome, wala usimwachie mtu avitie chini ya sufuria ya githeri. Kwa sababu hiyo hiyo viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003.

Basi utajuaje? Nenda yadi na msumeno wako. Usiangalie ncha ya ubao, kwa kuwa ncha hunywa haraka hata kwa kuchovywa. Omba ukate sentimita 30 kutoka nchani. Muuzaji asiyekubali amekwisha kukujibu. Tazama uso mpya: paini iliyokunywa imeingia ukijani hadi ndani, nguzo ya mkaratusi ina pete pana ya kijani kuzunguka moyo mkavu. Ukiona mstari mwembamba kama wino pembeni na weupe mtupu katikati, hiyo imepakwa. Oili chafu ya malori, ambayo Malaba haikosekani, iko kundi hilo hilo: huingia juu juu, mvua huiosha, na inakoelekea ni kwenye kisima.

Mji wa malori una kishawishi kingine, nacho ni paleti. Watu huzikusanya, wakazipanga uani, wakapata jukwaa la bure, na wengi wamesadiki zimetiwa dawa kwa sababu zina mhuri: suke la ngano na herufi IPPC. Mhuri huo ni wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa iliyopitishwa 2002 kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa moto hadi moyo wake ukafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Wadudu waliokuwemo wamekufa, ndiyo. Mchwa watakaokuja kesho hawazuiwi na joto la jana. Ukiona MB, ilifukizwa gesi ya methili bromaidi. Hiyo iache ilipo.

Kazi ya kujenga yenyewe ni fupi. Usawa wa nguzo za zege tuliupima kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga. Fundi alishika ncha moja, mimi nyingine, tukasubiri mapovu yatoke na maji yatulie, tukaweka alama. Vifaa vya laser vipo, ila mpira hauhitaji betri. Boriti za nne kwa mbili ziliwekwa kila sentimita 40, na jukwaa zima likashuka sentimita 1 kwa mita kuelekea uani. Mbao za juu zikiwa kavu, acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4 kati ya ubao na ubao. Zikiwa mbichi, kama zinavyouzwa mara nyingi, zibane, kwani zitasinyaa kwa upana na nafasi itajifungua yenyewe. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kila ncha unayokata ipakwe dawa papo hapo, maana ubao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa ubavu. Skrubu ziwe zilizopakwa zinki. Na usiufunge ubao wowote kwenye ukuta wa nyumba. Acha vidole viwili vya nafasi, la sivyo umewajengea mchwa daraja la kwenda darini.

Kuhusu mchwa, sina chuki nao. Hao hao ndio wanaotupa kumbikumbi za mvua na uyoga unaoota juu ya vichuguu, maana wanaoujenga mji ule ni wakulima, hulima kuvu wao chini ya ardhi. Zamani watu walimwaga dieldrini. Ilifanya kazi, ikakaa kwenye udongo miaka na miaka, ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka kwenye orodha ya kupigwa marufuku. Leo mimi nategemea zaidi kipande cha bati kilichokunjwa juu ya kila nguzo, kingo zake zimetokeza na kuinamia chini kama kofia. Bati haliwaui. Linawalazimisha kutoka ndani ya nyufa na kupita nje, wakijenga kijia chao cha udongo mahali ninapokiona. Pande za jukwaa sikuziziba, ili tochi ifike.

Mwezi wa tatu baada ya kumaliza, fundi alipita kunisalimia, akalala kifudifudi kwenye nyasi bila kuombwa, akamulika. "Mwalimu, njoo." Kwenye nguzo ya pili kutoka ukutani kulikuwa na mstari wa udongo, mpana kama penseli, umepanda zege na kuzunguka ukingo wa bati. Aliukwangua kwa ukucha katikati, pengo la inchi moja. Ndani mlikuwa na unyevu, na weupe wadogo wakakimbia pande zote mbili.

"Usimwage kitu," akasema. "Tuone kesho."

Asubuhi pengo lilikuwa limezibwa kwa udongo mbichi, mweusi kuliko ule wa zamani. Njia ilikuwa hai. Tukachukua jembe, tukaanza kuufuata ule mstari kuelekea kwenye ua wa mipaka.