Mguu wa Mpenzi Umevimba? Hajarogwa!

Mchumba wako ana matende, ndugu wanakunong'oneza, "Achana naye, karogwa huyo"? Subiri kwanza. Uwe unavua dagaa Karema au unafanya kazi ofisini Dar, mwili una maelezo yake.

Mbu akimuuma mwenye vimelea, hubeba minyoo michanga na kumpelekea mwingine. Ikikomaa, minyoo huishi miaka 6 hadi 8 kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Mishipa ikiharibika, maji hutuama mguuni. Kwa wanaume wengine huja mabusha. Bakteria wakipenya kwenye michubuko, uvimbe huzidi.

Kwa hiyo matende hayaambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa tendo la ndoa. Tanzania Bara ilianza kugawa kingatiba mwaka 2000, ikianzia Mafia. Dawa huua minyoo michanga, lakini mguu uliokwisha kuvimba unataka matunzo: uoshwe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe katikati ya vidole, uinuliwe wakati wa kupumzika.

Hapo ndipo penzi linapopimwa: nani atashika beseni?