Mafuta Tunayokula Huenda Wapi?



Kila aliyeosha sufuria ya nyama analijua jambo hili. Maji matupu hayaondoi mafuta. Yanaelea juu tu. Ukitia sabuni, yanakatika vipande vidogo vidogo na sufuria inatakata. Ndani ya miili yetu kuna kazi kama hiyo. Sabuni yake ni nyongo.

Nyongo hutengenezwa na ini. Hungoja katika kifuko chake mpaka mafuta yafike kwenye utumbo mwembamba. Hapo humwagika, ikayakata mafuta kuwa matone madogo sana. Kisha maji yanayotoka kwenye kongosho huyavunja matone hayo ili yaweze kupenya ukuta wa utumbo.

Waliowahi kuosha utumbo wa mbuzi kwa ajili ya supu wanajua kwamba ndani yake hakuteleza kama mpira. Kuna vinyweleo kama vya taulo. Utumbo mwembamba wa mtu ni hivyo hivyo, na vinyweleo hivyo ndiyo milango. Sukari inayotokana na ugali au ndizi hupita hapo, huingia kwenye damu na kwenda moja kwa moja kwenye ini. Mafuta mengi hayafuati njia hiyo. Hufungwa upya kama mizigo midogo, yakapita katika mishipa ya pekee iitwayo mishipa ya limfu. Baada ya mlo wa mafuta, maji ya mishipa hiyo huwa meupe kama maziwa. Hupanda mpaka karibu na shingo, ndipo yakamiminika kwenye damu.

Sasa tusikilizane vizuri. Utumbo haupendi kupoteza. Katika kila gramu 100 za mafuta anazokula mtu mzima mwenye afya, utumbo huchukua karibu gramu 95. Hauulizi kama unayahitaji. Hausemi, "Jana huyu alikula nyama choma, leo basi."

Ndiyo maana tunawaonya wanaonunua dawa za kuharisha eti ziondoe kitambi. Mtu akiharisha siku nzima, akipanda kwenye mizani anaona amepungua, anafurahi. Kilichotoka ni maji, chumvi na kinyesi. Mafuta yalikwisha ingia mwilini zamani, huko juu kwenye utumbo mwembamba. Akinywa maji na kula, kilo zake zinarudi. Na mwenye kisukari au presha anaweza kuzidiwa kabisa.

Mafuta yakifika kwenye damu, misuli huyachoma inapofanya kazi. Yanayobaki huwekwa akiba chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Akiba ya kuzunguka matumbo na ya ndani ya ini ndiyo mbaya zaidi, maana inaizuia insulini kufanya kazi yake ya kuondoa sukari kwenye damu. Wengi hupatia kisukari hapo. Wazee wetu walishuka kwa miguu kwenda shamba la chini, wakapanda na mzigo kichwani. Leo tunapanda bodaboda. Kijiko cha mafuta ni kile kile, safari ndiyo imepungua.

Isidhaniwe kwamba mafuta ni sumu. Mchicha na karoti hutupatia vitamini A, nayo haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Watoto wadogo wanayahitaji kuliko sisi. Tena, mafuta yakifika utumboni, utumbo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kinatosha. Habari hiyo huchelewa kidogo. Anayekula haraka haraka humaliza sahani ya pili kabla haijafika.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani kwetu Kilimanjaro. Watafiti wa KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Waliotoka vijijini walikula vyakula vya kizungu kwa wiki 2. Wa mjini walirudia vyakula vya asili, kama ndizi, maharage na mboga. Damu za wale wa kwanza zilianza kuonyesha dalili zinazoelekea kwenye magonjwa kama kisukari na ya moyo. Za wale wa pili zilielekea kwenye nafuu. Hapo si mafuta peke yake yaliyobadilika. Chakula chote kilibadilika, pamoja na makapi ya maharage na mboga ambayo utumbo unayapenda. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likaonyesha nafuu. Wanywaji msichangamke sana, mbege ni pombe bado!

Haya, tuchukue daftari tufanye hesabu. Nyumba ya watu 5 humaliza lita 1 ya mafuta kwa siku 5. Lita 1 ni mililita 1,000. Gawanya kwa siku 5, upate 200. Gawanya tena kwa watu 5, upate 40. Kila mtu anakula mililita 40 kwa siku, yaani karibu vijiko vikubwa 3, mbali na chipsi za kibandani. Andika tarehe mliyofungua chupa yenu na tarehe itakapokwisha, kisha ufanye hesabu ya nyumba yako.