Ufaransa na NATO: Kuhama Kambi Bila Kuvunja Ahadi

Mnamo tarehe 7 Machi 1966, Jemadari Charles de Gaulle, Rais wa Ufaransa, alimwandikia Rais Lyndon Johnson wa Marekani barua fupi yenye adabu kamili, akimwarifu kwamba Ufaransa imeazimia kurejesha mamlaka yake yote juu ya ardhi yake, mamlaka ambayo wakati ule yalikuwa yamepunguzwa kwa kukaa humo majeshi ya kigeni, na kwamba haitatia tena askari wake chini ya uongozi wa pamoja wa NATO. Lakini katika barua iyo hiyo alithibitisha kuwa Ufaransa itabaki mshirika wa wenzake, tayari kupigana pamoja nao endapo mmoja wao atashambuliwa pasipo kuchokoza.

Wengi waliosikia habari hizo walidhani kuwa umoja wa mataifa ya Magharibi umefikia kikomo. Haukufikia, na sababu ya kunusurika kwake yafaa ifahamike na kila mtu anayetaka kuelewa khitilafu za dola zilizoungana kwa ajili ya vita, maana ndani ya kila muungano wa kijeshi mna mambo mawili ambayo aghalabu watu huyachanganya, nayo ni ahadi na amri.

Ahadi ya NATO imo katika Mkataba wa Atlantiki ya Kaskazini, uliotiwa sahihi mjini Washington tarehe 4 Aprili 1949 na mataifa 12, Ufaransa ikiwa mojawapo. Kifungu cha 5 cha mkataba huo chasema kwamba shambulio juu ya mmoja litahesabiwa kuwa shambulio juu ya wote, ila kila dola itaamua yenyewe ni hatua gani inayoiona yafaa kuichukua. Amri ilikuja baadaye, vita vya Korea vilipotia hofu ya kwamba Ulaya nayo yaweza kushambuliwa: washirika wakaweka majeshi yao chini ya uongozi mmoja, wakamkabidhi Jemadari Eisenhower wa Marekani, na makao yake makuu yakajengwa mwaka 1951 huko Rocquencourt, jirani na Paris. Tangu siku hizo cheo hicho hakikupata kushikwa na mtu asiyekuwa Mmarekani.

Kwa taifa lililotekwa na Wajerumani mwaka 1940, himaya ya Wamarekani ilikuwa faraja na pia ilikuwa jeraha la hadhi. Jeraha hilo lilizidi mwaka 1956, Ufaransa na Uingereza zilipoishambulia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, na Marekani, mshirika wao mkubwa, ikazishurutisha kuacha vita na kuondoka. De Gaulle aliporudi madarakani mwaka 1958, hakukawia kupeleka rai yake kwa Marekani na Uingereza, akitaka dola tatu hizo ziwe na shauri moja katika mambo makubwa ya dunia na katika matumizi ya silaha za nyuklia. Rai hiyo haikukubaliwa. Mwaka uliofuata aliziondoa manowari za Ufaransa za Bahari ya Kati katika uongozi wa NATO, akakataa pia kuwekwa katika nchi yake silaha za nyuklia ambazo yeye hana mamlaka juu yake.

Hoja yake kubwa ilihusu silaha hizo. Makombora ya Urusi yalipokuwa hayawezi kufika Amerika, ilikuwa rahisi kuamini kuwa Marekani itailipizia kisasi Paris; lakini miji ya Wamarekani ilipoingia katika hatari hiyo hiyo, de Gaulle aliuliza kama kuna rais yeyote atakayeihatarisha New York kwa ajili ya mji wa Ulaya. Wahenga wetu walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, na neno hilo lingeweza kuwa muhtasari wa siasa yake yote. Akajitafutia fimbo ya karibu: tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Reggane, katika jangwa la Sahara la Algeria. Hapana budi kulisema jambo hili waziwazi, kwamba hadhi aliyoitetea kwa ufasaha mwingi mbele ya Washington ilijaribiwa juu ya ardhi ya Waafrika, nao wakati huo huo walikuwa wakipigana kujikomboa kutoka mikononi mwa Ufaransa yenyewe.

Ikaja Oktoba 1962 na hatari ya makombora ya Kirusi katika kisiwa cha Cuba. De Gaulle alimuunga mkono Rais Kennedy bila ya kusita. Lakini hakukosa kutambua kwamba mjumbe wa Marekani, Dean Acheson, alikwenda Paris kumwarifu jambo lililokwisha kuamuliwa, si kumtaka shauri. Ikiwa vita vyaweza kuzuka kwa uamuzi wa mmoja, na miaka michache baadaye vita vya Vietnam vilikuwa vikipamba moto, mwenye kambi za Wamarekani nchini mwake angeweza kuburutwa katika mapigano asiyoyataka.

Ndipo akaamua kutenganisha ahadi na amri. Tarehe 1 Julai 1966 maofisa wa Ufaransa waliacha nafasi zao katika uongozi wa pamoja, na majeshi ya kigeni yakapewa muda hadi tarehe 1 Aprili 1967 yawe yamekwisha kuondoka. Askari wa Marekani kwa maelfu, pamoja na jamaa zao, maghala yao na ndege zao, wakahamishwa. Makao makuu ya majeshi yakahamia Casteau, karibu na mji wa Mons katika Ubelgiji, na Baraza la NATO likahamia Brussels mwaka uo huo. Uchungu haukukosekana. Dean Rusk, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alisimulia baadaye kwamba alimuuliza de Gaulle kama amri ya kuondoka yawahusu pia askari wa Marekani waliozikwa katika ardhi ya Ufaransa.

Hata hivyo Johnson aliwakataza watu wake kumtukana de Gaulle, na mataifa 14 yaliyosalia, kwa kuwa NATO ilikuwa imekwisha kufikia wanachama 15, yalitangaza kuwa yanaushikilia mkataba na uongozi wa pamoja, bila ya kumfungia mlango mwenzao. Ufaransa ilibaki na kiti chake katika Baraza. Askari wake walibaki Ujerumani Magharibi kwa mapatano mapya. Na mwaka 1967 Jemadari Ailleret wa Ufaransa na Jemadari Lemnitzer, mkuu wa majeshi ya NATO, walipatana jinsi majeshi yao yatakavyoweza kushirikiana vita vikizuka. Mkataba wenyewe, katika kifungu cha 13, uliruhusu kila mwanachama ajitoe baada ya kupita miaka 20, kwa kutoa taarifa ya mwaka mmoja. Mwaka 1969 muda huo ulipotimia, Ufaransa haikujitoa. Miaka 40 baadaye, katika mkutano wa Aprili 2009 uliofanyika Strasbourg na Kehl, Rais Nicolas Sarkozy aliirudisha katika uongozi wa pamoja, isipokuwa katika kamati ya mipango ya silaha za nyuklia, kwani silaha zake za aina hiyo Ufaransa yazishika yenyewe hata leo.

Katika kisa hiki de Gaulle alikuwa na haki, na alikuwa na kosa. Alikuwa na haki kusema kuwa mshirika asiyeshauriwa huwa mtumishi, na kwamba taifa lililoahidi kufa pamoja na wenzake lastahili kuwa na neno katika jambo litakaloleta mauti hayo. Kosa lake ni kwamba yeye naye, aliyelalamika kwa kuarifiwa badala ya kushauriwa, aliwaarifu wenziwe azma aliyokwisha kuikata, na gharama ya kuhama ikawaangukia wengine.

Kilichouokoa muungano ni kwamba kila upande ulijua mahali pa kukomea: Ufaransa ilikataa amri lakini haikuitilia shaka ahadi yake, na Marekani iliyakubali mamlaka ya mwenye nchi ijapokuwa ilikuwa na nguvu za kumwonea. Watawala wa leo wanapotishiana kuwaacha washirika wao, au kuzifanya ahadi za ulinzi kuwa bidhaa ya kupimiwa bei, na wakumbuke kwamba kambi zaweza kuhamishwa katika mwaka mmoja, kama NATO ilivyofanya. Bali adui akishaamini kuwa ahadi haina mwenyewe, hapana jeshi wala baraza litakaloweza kumwondolea imani hiyo ila kwa vita, navyo ndivyo muungano ulivyoundwa kuvizuia.